Usilaumu hewa kwa kila mtetemo

Mhariri,

Abiria akiona ncha ya bawa la ndege inapanda na kushuka, huhisi limekaribia kukatika. Bawa limeundwa lipinde. Likirushwa na hewa iliyochafuka hurudi na kutulia, kwa sababu hewa inayolipita huuzima mtikisiko huo. Mtetemo wa kuogopwa ni mwingine kabisa. Mafundi huuita flata, na huweza kuanza hata anga ikiwa shwari.

Katika flata, bawa au mkia hupinda juu na chini huku ukijisokota. Mienendo hiyo miwili ikipatana mapigo, hewa huacha kuuzima mtetemo na kuanza kuulisha, kama mtu anayesukuma bembea kila inapomrudia. Chini ya kasi fulani haitokei. Ukiivuka, sekunde chache zinatosha kung'oa kipande.

Kwenye ndege ndogo, chanzo mara nyingi ni vibao vinavyosogea: eleroni (za mabawa, hulaza ndege upande), eleveta (ya mkia, huinua na kushusha pua), usukani wa mkia na kile kibao kidogo cha trimu kinachompunguzia rubani kazi ya mkono. Uzito ulio nyuma ya bawaba ndio unaoleta balaa, na ndiyo sababu vibao vingi hufungwa uzani wa risasi, yaani ile metali nzito, mbele ya bawaba. Sasa mpe fundi rangi asiyejua haya aongeze rangi mpya juu ya ya zamani. Sehemu kubwa ya kibao iko nyuma ya bawaba, kwa hiyo rangi nyingi huenda huko. Kiraka cha bati hufanya vilevile, na hata maji yaliyonaswa ndani baada ya vitundu vya kutolea maji kuziba.

Kazi sahihi huanza kwa kukwangua rangi ya zamani. Ikishakauka mpya, kibao hutolewa kwenye ndege na bolti za bawaba zake huwekwa juu ya kingo mbili nyembamba zilizosawazishwa kwa pimamaji, chumba kimefungwa, feni imezimwa. Hapo hupimwa kinaelemea upande gani na kwa kiasi gani, kisha hulinganishwa na kitabu cha ndege hiyohiyo. Kipimo cha modeli jirani hakifai, hata zikifanana kama mapacha. Risasi hurekebishwa na matokeo huandikwa kwenye kumbukumbu za ndege.

Uzito ukiwa sawa, bado kuna kulegea. Tarehe 16 Septemba 2011, kwenye mashindano ya mbio za ndege ya Reno, Nevada, Marekani, ndege ya zamani ya kivita aina ya P-51D iliyofanyiwa mabadiliko ilianguka na kuua watu 11, rubani akiwa mmojawao. Wachunguzi walikuta nati za kujifunga (zinazobana skrubu zisilegee) za kibao cha trimu zimechakaa ndani. Skrubu zililegea, moja ikaota ufa, kibao kikaingia flata, na ndege ikainuka ghafla kwa nguvu iliyozidi mara 17 ya uzito wake. Nati ya aina hiyo ikizunguka kwa vidole bila kukaza, itupwe. Bei yake ni ndogo mno kubishania.

Kwa rubani: usukani ukianza kutetemeka mkononi, ushike imara, punguza nguvu ya injini na inua pua taratibu ili kasi ishuke. Usivute kwa ghafla. Mtetemo ukikoma, usijaribu kuongeza kasi tena. Tua mahali pa karibu. Kabla ndege haijaruka tena, fundi atikise kila kibao kwa mkono, akague bawaba, kebo, nati na risasi zake, na atafute nyufa kwenye fremu za mkia.

Mafundi wa ndege ndogo,
Arusha