Mganga Mkuu wa Jiji akae pia panapopangwa mifereji

Ndugu Mhariri,

Mtaani Tanga ukimtaja Mganga Mkuu wa Jiji, watu wanakuelekeza Bombo. Si huko. Bombo ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ina mganga mfawidhi wake, na tangu hospitali za rufaa za mikoa zihamishiwe Wizara ya Afya haiko tena mikononi mwa serikali za mitaa. Mganga Mkuu wa Jiji ni mkuu wa afya ndani ya halmashauri. Yuko chini ya Mkurugenzi, anasimamia zahanati na vituo vya afya, chanjo, lishe na maafisa afya wa kata. Neno lenyewe "mganga" limetuponza, maana anayelisikia humtafuta akiwa na homa, ilhali kazi ya mtu huyu ni kuhakikisha homa hiyo haifiki mlangoni.

Tunaandika kwa sababu ya kiti anachokalia. Desturi ya halmashauri za miji ni kumwita kwenye kamati ya afya na elimu, akaulizwa dawa zimefika lini, jengo la wazazi limeishia wapi, watumishi wamepungua wangapi. Maswali ya haki. Lakini mifereji, madampo, viwanja, masoko na vibali vya ujenzi hujadiliwa kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, na huko daktari haonekani, au huitwa kipindupindu kikishaingia.

Chukueni mbu. Bajeti huandika "mbu" kwa neno moja, na mbu wa Tanga wanaotusumbua ni watatu. Wa malaria, Anopheles, hutaga kwenye maji yaliyotulia yanayopigwa na jua, kama madimbwi ya mvua na mashimo yaliyochimbwa mchanga yakaachwa wazi, naye huuma usiku. Culex, anayeeneza matende na mabusha katika miji ya pwani, hupenda maji machafu ya vyoo vya shimo, makaro na mifereji iliyoziba. Wa tatu ni Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, wa homa ya dengue ambayo wazee wetu huiita kidingapopo. Huyu hutaka maji yaliyotulia kwenye vyombo vidogo: tairi chakavu nje ya gereji, ndoo, kifuu cha nazi, sahani ya chini ya chungu cha maua. Huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakimgusi sana.

Tofauti hiyo ni pesa. Mwaka 2017 halmashauri ziliagizwa na Rais kununua viuadudu vya viluwiluwi kutoka kiwanda cha Kibaha. Kiwanda hicho hutengeneza dawa za bakteria wa aina mbili. Wa kwanza ni Bacillus thuringiensis israelensis, Bti kwa kifupi, anayeua viluwiluwi wa mbu wote watatu lakini huchoka haraka kwenye maji yenye uchafu mwingi. Wa pili, Lysinibacillus sphaericus, hudumu kwenye maji machafu na kumweza Culex vizuri, ila kwa Aedes aegypti ni dhaifu. Afisa ununuzi atakayeandika tu "kiuadudu, lita kadhaa" anaweza kununua dawa nzuri kwa mbu asiyehusika. Itamwagwa, picha zitapigwa, na dengue itaendelea. Wa kusema "mlipuko huu ni dengue, leteni Bti, na nguvu kubwa iende kwenye vyombo" ni daktari, na aseme kabla zabuni haijaingia kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni.

Hata kampeni ya kumwaga maji hukosewa. Mayai ya Aedes hugandamana na kuta za chombo juu kidogo ya maji na hukaa makavu kwa miezi. Ukimwaga maji bila kusugua kuta kwa brashi, mvua ikinyesha mayai yanaanguliwa. Toka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10 kwa joto letu, ndiyo maana usafi wa vyombo ni wa kila wiki. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi unawaachia mbu vizazi viwili au vitatu katikati.

Mwaka 2019 dengue ilipozuka nchini, Tanga na Dar es Salaam zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoguswa zaidi. Ugonjwa huu humfikisha mtu zahanati akiwa na homa, kichwa na viungo vinauma, kipimo cha malaria ni hasi, na mara nyingi anarudishwa nyumbani na dawa ya mseto hivyo hivyo. Kipimo cha NS1, kinachosaka protini ya kirusi cha dengue, hufaa zaidi siku tano za mwanzo wa homa. Baada ya hapo huhitajika kipimo cha kingamwili, kwa hiyo kituo chenye aina moja tu kitawakosa wagonjwa na kutangaza kwamba hali ni shwari. Duka la dawa nalo humpa diklofenaki au aspirini kwa maumivu, dawa zinazoongeza hatari ya kuvuja damu, wakati parasetamoli ingetosha. Na hatari kubwa huja homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, mgonjwa anapoambiwa amepona: tumbo linauma sana, anatapika mfululizo, fizi zinatoka damu. Mganga Mkuu ndiye anayeweza kuandika ukurasa mmoja wa maelekezo haya ukafika zahanati zote na maduka ya dawa muhimu kwa siku moja.

Atajuaje mapema? Kwa taarifa ya wiki. Vituo hufunga wiki Jumapili na kutuma takwimu za magonjwa ya kufuatiliwa Jumatatu, na magonjwa ya kutolewa taarifa papo hapo, kama kipindupindu, hayasubiri zaidi ya saa 24. Takwimu zipo. Ila zikishatumwa juu, hazishuki kwa watendaji wa kata. Tungependa namba moja isomwe kwa kata: homa zilizopimwa zikakutwa si malaria. Zikipanda wiki mbili mfululizo Makorora au Ngamiani, afisa afya aende kuhesabu vyombo vyenye viluwiluwi nyumba hadi nyumba wiki hiyohiyo. Mtu huugua siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa, kwa hiyo foleni ya zahanati ya leo ni habari ya mbu wa wiki iliyopita. Namba za Bombo lazima ziingie humo pia, na kwa kuwa Bombo ni ya Wizara, hapo hakuna amri. Panatakiwa makubaliano na mtu wa kupigiwa simu kila Jumatatu.

Hiyo ndiyo hali ya cheo hiki. Maji ni ya Tanga UWASA, usafi wa vyakula vya viwandani ulihamia TBS mwaka 2019, taka ziko chini ya kitengo kingine cha halmashauri. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inawapa maafisa afya meno ya kumtaka mwenye eneo aondoe kero, lakini mengine yote Mganga Mkuu huyapata kwa hoja. Kwenye maji, kwa mfano, hoja yake iwe na kipimo: klorini iliyobaki bombani isipungue miligramu 0.2 kwa lita siku za kawaida, na wakati wa kipindupindu 0.5 kwenye mtandao wa mabomba na 2 gari la maji linapojazwa. Anayekwenda kikaoni na maneno "maji si salama" atajibiwa kwamba maji ni salama, na kikao kitaisha.

Kuna watakaosema daktari si mhandisi. Kweli, na hatumtaki achore mfereji. Tunataka aulize mfereji wa kufunikwa kwa zege utafunguliwa wapi wa kuuzibua, kwa sababu mfereji uliofunikwa bila vifuniko vya kunyanyulika huziba, na ukiziba ni nyumba ya Culex isiyofikika kwa dawa wala koleo.

Ndani ya idara yake mwenyewe nako kuna mambo ambayo macho ya mhasibu hayawezi kuyaona. Oksitosini, sindano ya uniti 10 anayochomwa mama mara tu mtoto anapozaliwa ili asivuje damu, huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa rafuni kwenye joto kwa muda mrefu inapoteza nguvu bila kubadilika rangi. Luku ikiisha mara kwa mara na mwenye pesa ya umeme yuko safarini, miezi ikipita chupa zinaonekana zilezile, mkunga anachoma, damu haikati. Kwenye bajeti kifungu hicho kinaitwa "umeme" na ni rahisi kukipunguza. Tangu 2017/18 kuna fedha zinazokwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, hivyo kamati ya kituo inaweza kununua umeme na kutengeneza friji yenyewe, mradi jambo hilo liliandikwa kwenye mpango wa kituo. Kulikagua hilo ni kazi ya timu ya Mganga Mkuu. Kifo cha mama kikitokea kinatakiwa kitolewe taarifa ndani ya saa 24 na kujadiliwa ndani ya siku 7. Kikao kikianza na "nani alikuwa zamu", daftari la joto la friji halitafunguliwa.

Lawama nyingine ni za waganga wakuu wenyewe. Wapo wanaokimbilia wodini na chumba cha upasuaji kwa sababu huko matokeo yanaonekana siku ileile, na jiji linabaki bila msemaji. Wengine wamezikwa na saini: mafuta ya gari, posho, likizo, ziara za viongozi. Kukaimu cheo muda mrefu nako kunawafunga ulimi. Ni vigumu kumwambia Mkurugenzi kwamba fedha za lishe, ile shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, zilitengwa lakini hazijatoka, wakati barua yako ya kuthibitishwa iko mezani kwake.

Ombi letu kwa waheshimiwa madiwani ni la ratiba. Mwaka wa fedha huanza Julai, masika yetu ni Machi hadi Mei. Viuadudu vikitengewa fedha robo ya nne vitafika mbu wakiwa wameshapaa. Zabuni iingie kabla ya Desemba, ikiwa na jina la dawa lililoandikwa na Mganga Mkuu. Uzibuaji wa mifereji uanze Januari. Na mwezi Februari Kamati ya Mipango Miji na Mazingira imwite, ajenda ya kwanza, aje na namba za homa za kila kata na ramani ya mifereji iliyoziba. Ajenda ya kwanza tunasema kwa makusudi. Ya mwisho husomwa saa nane, chakula kikiwa kimeshafika.

Wasomaji wako,
Chumbageni, Tanga