Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Mwaka Wetu wa Matembezi ya Baisikeli Malindi

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu, dada zetu na vijana wetu, Assalamu alaikum na hamjambo nyote.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asimame mbele yenu mara moja kwa mwaka, aeleze chama kimetoka wapi na kinaelekea wapi. Nitaanza na suala lililozungumzwa kuliko mengine yote mwaka huu, barazani na njiani, kwa kuwa mengine yanalitegemea: je, tuanzishe mashindano?

Vijana wetu wana mbio, na hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema bila kikombe hakuna mfadhili, na bila mfadhili baisikeli za chama zitabaki zile zile za kuungaunga. Kamati iliwasikiliza mpaka mwisho. Uamuzi wetu ni kwamba chama kibaki cha matembezi. Mniruhusu nieleze sababu kwa urefu kidogo, maana jambo hili naliamini kwa moyo wangu wote.

Hapa Malindi mtu akikuona juu ya baisikeli anakuuliza, "Wapi hiyo?" Ukimjibu kwamba unatembea tu, anakuangalia mara mbili. Kwetu baisikeli ni ya kazi. Inabeba mikate alfajiri, madumu ya maji, magunia ya makaa, samaki, na mtoto wa shule juu ya keria. Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema, nami sina ugomvi nao. Nyumba hailishwi kwa matembezi. Lakini hawakusema mtu asipumzike. Wazee hao hao ndio waliokaa barazani baada ya alasiri, bao katikati na kahawa ikizunguka, na hakuna aliyewauliza bao la leo limeingiza shilingi ngapi. Siku hizi kijana akipata nafasi ya kupumzika anainamia simu kutengeneza mkeka wa kamari, na hata raha yake imegeuka kuwa hesabu ya faida na hasara. Hilo linanisikitisha sana, na ndiyo sababu nataka pawe na saa mbili tatu za Jumapili ambazo hazihesabu kitu.

Tena nawaambia mchezo si mdogo. Tairi la upepo tunalolitegemea sote lilianzia kwenye mchezo. Daktari wa mifugo aliyeitwa John Boyd Dunlop, huko Belfast, alilitengeneza kwa ajili ya baisikeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, apande bila kurushwarushwa na mawe, akalipatia hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, mwaka 1888. Kila gunia la makaa linaloingia sokoni leo juu ya baisikeli limebebwa na kitu alichotengenezewa mtoto acheze.

Mashindano lazima yawe na wa kwanza, na wote wanaomfuata wanajua wameshindwa. Katika safari zetu anayeshika mwendo ni yule wa nyuma kabisa. Akichoka, tumechoka, akitaka dafu, tunasimama. Kwa kanuni hii tuna wanachama ambao wasingejiunga na chama cha mbio hata siku moja: mwalimu mstaafu mwenye goti bovu, mama muuza viazi vya karai, wavulana wawili wanaopokezana baisikeli moja, mmoja akipanda na mwingine akikaa nyuma.

Msinielewe vibaya, mbio nazipenda kuzitazama. Septemba tulikodi televisheni kubwa tukatazama pamoja mashindano ya dunia ya barabarani yaliyofanyika Kigali, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika tangu mashindano hayo yaanzishwe. Siku ya mwisho wanaume walipanda na kushuka vilima kwa zaidi ya kilomita 260, akashinda Tadej Pogačar wa Slovenia, na katika lile kundi kubwa lililoanza walimaliza 30 tu. Watu walijipanga barabarani tangu mwanzo hadi mwisho, watoto juu ya kuta, akina mama na watoto mgongoni. Ukumbi wetu ulijaa hadi mlangoni, na wengi waliokuja hawajawahi kumiliki baisikeli. Na kijana yeyote wa hapa mwenye ndoto hiyo hatutamfungia njia. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafunzwa na David Kinjah kwenye barabara za vumbi karibu na Kikuyu, kisha akashinda Tour de France mara nne akiiendeshea timu ya Sky ya Uingereza. Atakayetaka mbio, kamati itamsaidia kutafuta mwalimu na klabu inayofaa. Jumapili yetu ibaki ilivyo.

Sasa safari zenyewe. Mwaka huu tulifuata upepo, na nadhani tumepata ratiba ya kudumu. Wageni hutoka na upepo mgongoni wakafurahi, kisha warudi jua limepanda, upepo usoni na miguu haina nguvu. Sisi tunatoka tukiukabili upepo asubuhi tukiwa wapya, tunarudi tukisukumwa. Kwa hiyo kusi likivuma tunakwenda kusini, Gede na Watamu. Kaskazi likiingia tunakwenda kaskazini, tunavuka daraja la mto Sabaki hadi Mambrui. Wakati wa mvua za masika tulifupisha, tukaishia barabara ya Casuarina hadi lango la Hifadhi ya Bahari, ile iliyoanzishwa mwaka 1968. Mwezi wa Ramadhani tulitoka jioni kidogo tu, polepole, kila mtu arudi nyumbani kabla ya kufuturu.

Safari ya Gede ndiyo iliyoacha mazungumzo marefu zaidi. Ni kilomita kama 15 tu kutoka hapa, na bado wanachama wengi wa makamo walikuwa hawajawahi kuingia ndani ya magofu ya mji ule wa kale. Walipita nje kwa matatu miaka yote wakayaona ni ya watalii. Tuliacha baisikeli langoni tukaingia kwa miguu. Mwalimu wetu alituonyesha msikiti mkubwa, visima, na vyumba vya nyumba ambamo wachimbaji wa mambo ya kale, tangu enzi za James Kirkman aliyeanza kazi mwaka 1948, waliokota vyombo vya kauri vilivyotoka China. Mama mmoja alisimama kwenye kibaraza cha nyumba moja akasema, "Hapa palikaliwa jioni kama kwetu." Akaketi, na wengine wakaketi naye, wakakaa muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu. Julai 2024 UNESCO iliiingiza Gede katika orodha ya urithi wa dunia. Nafurahi kwamba mwaka uliofuata watu wake wa karibu nao wameingia.

Mambrui tulikwenda mara kadhaa, na mdomo wa Sabaki haujatuchosha. Mvua ikinyesha bara mto unashuka na udongo mwekundu, na bahari inabadilika rangi mbali kabisa na ufuo. Naomba mkumbuke kwamba pale kuna viboko. Hatushuki mtoni bila kuwauliza wenyeji, na hatukai hadi magharibi.

Nakuja kwenye kazi ninayoiona kuwa bora zaidi ya mwaka: mafunzo ya akina mama na wasichana. Wengi walinyimwa baisikeli utotoni kwa sababu ambazo leo hakuna anayezikumbuka vizuri, na walikuja wakiwa na hofu. Hatukuwapandisha tukawashikilia nyuma. Fundi wetu alitoa pedali zote mbili, akashusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikanyaga chini, na mwanafunzi akajisukuma kwa miguu kwenye mchanga mgumu maji yakiwa yamekupwa. Hata baisikeli ya kwanza kabisa, ile ya Karl von Drais wa Ujerumani ya mwaka 1817, haikuwa na pedali. Aliyeipanda alijisukuma vivyo hivyo. Mizani ikishamkaa mtu mwilini, pedali zinarudishwa, na kazi iliyobaki ni ndogo. Waliovaa buibui tuliwapa baisikeli zenye kifuniko cha mnyororo na fremu ya kushuka katikati, nguo isinaswe. Mwanafunzi mkubwa kuliko wote ni bibi mwenye wajukuu, na sasa yeye ndiye anayewaamsha wenzake Jumapili kwa simu.

Kila baada ya mafunzo ya ufuoni baisikeli huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hufutwa, na mnyororo husafishwa kwa mafuta taa kabla ya kutiwa mafuta mapya. Wanaosema watafanya kesho wanakuta kutu kesho. Chumvi ya bahari haimsubiri mtu.

Wanafunzi hao hao wamefundishwa kuziba pancha. Nimewaangalia wasichana wakifanya hivyo mpaka nikapata hakika kwamba hawatakwama njiani. Tyubu inatiwa upepo kidogo, inazamishwa kwenye beseni kipande kwa kipande mpaka mapovu yatoke. Pale panatiwa alama, panakaushwa, panasuguliwa kwa msasa. Gundi inapakwa na kuachwa ikauke kiasi, na hapa ndipo watu wazima hukosa subira wakabandika mapema na kiraka kikang'oka. Kisha, jambo ambalo hata mafundi wa barabarani husahau, unapitisha vidole taratibu ndani ya tairi kutafuta ule mwiba ulioanza fujo, maana ukiuacha humo utaziba tena kabla ya kufika nyumbani.

Ujuzi huo umetufikisha kwa watu ambao hatukuwatarajia. Wauza mikate na wachukuzi wa maji walianza kusimama pale tunapofanyia mafunzo, kwanza kuomba pampu, baadaye kukaa. Tumewafungulia mlango rasmi: yeyote anayetafuta riziki kwa baisikeli anaziba pancha kwetu bila malipo Jumapili asubuhi. Muuza mikate mmoja aliniambia hajawahi kupanda baisikeli bila kreti nyuma. Tulimwazima moja nyepesi akaenda nasi Casuarina. Njia nzima alikuwa akigeuka kutazama nyuma, kwa mazoea ya kuangalia mzigo.

Yako mazito pia. Njia moja ya kushukia ufuoni, tuliyoizoea miaka mingi, imewekewa lango mwaka huu, na wanachama wetu wamegeuzwa zaidi ya mara moja. Katibu ameandika barua kwa wahusika na tunasubiri jibu. Mlinzi wa pale ametumwa tu. Nawaomba sana msigombane naye. Lakini njia ya umma ni ya umma, na hatutaacha kuidai. Barabarani, tuktuk zinazosimama ghafla kuchukua abiria zimeangusha watu wetu, namshukuru Mungu hakuna aliyeumia vibaya. Tumezungumza na viongozi wa stendi na mazungumzo yalikuwa mazuri. Kwa upande wetu, asiye na taa ya nyuma hatoki nasi kabla ya jua kuchomoza, awe nani.

Kuhusu fedha sitasema mengi, kwa kuwa mhazini atawasomea hesabu kamili na vitabu viko mezani kwa anayetaka kuvipekua. Ada zenu zimetosha tyubu, gundi, viraka na vipuri vidogo. Hazikutosha kununua baisikeli mpya za mafunzo, kwa hiyo tunaomba zile zilizolala majumbani. Baisikeli iliyoegemezwa ukutani na tairi lililopasuka inatufaa, fundi ataifufua.

Mwaka ujao kamati inaleta ombi moja kubwa, na nitahitaji mikono yenu. Kigali, tangu mwaka 2016, baadhi ya barabara hufungwa kwa magari, mwanzoni mara moja kwa mwezi na baadaye mara mbili, watu wakatembea, wakakimbia, wakaendesha baisikeli, watoto wakacheza katikati ya lami. Tunataka kuiomba serikali ya kaunti itupe kitu kama hicho kwenye barabara ya ufuoni, Jumapili asubuhi mpaka saa tatu, mara moja kwa mwezi kwa kuanzia. Iwe ya mji mzima. Anayetaka kuleta bao alete, anayetaka kuuza mahamri na mbaazi auze. Fomu za sahihi ziko kwa katibu. Kila mwanachama achukue moja aizungushe mtaani kwake: Shella, Barani, Maweni, Muyeye, kote. Waanzeni wenye maduka ya barabara ile, kwa sababu pingamizi likija litatoka kwao, na wana haki ya kuulizwa kabla ya kusikia kwa wengine.

Nawashukuru wanakamati, fundi wetu, mwalimu, na akina mama waliotupikia tulipotazama Kigali. Nafasi za makamu mwenyekiti na mweka vifaa ziko wazi, na majina ya wagombea yanapokelewa mpaka mwisho wa mkutano huu. Ningependa kuona jina la mwanamke katika angalau moja kati ya hizo.

Safari ya kwanza ni Jumapili ijayo. Kaskazi limeshaingia, kwa hiyo ni Mambrui. Tunakutana njia panda ya Nguzo ya Vasco da Gama baada ya swala ya alfajiri. Wanaoazima baisikeli za chama wafike mapema, fundi awapimie kiti kabla ya kutoka.