Miti ya bustani zetu iandikwe majina yake

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wale waliokabidhiwa bustani za umma hapa Kisumu. Ombi langu ni moja: kila mti mkubwa uliomo bustanini uandikwe jina lake, tena mahali ambapo mtoto anaweza kulisoma bila kupanda jiwe. Nitaeleza lilivyonijia, maana sikuwa mtu wa kuwaza miti. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona katika soko la Kibuye tangu mwaka 1988, na kwa miaka yote hiyo kivuli nilichokijua ni cha turubai.

Daktari ndiye aliyenitoa kwenye kiti. Alinipima sukari, akatikisa kichwa, akaniambia nitembee nusu saa kila siku au turudi kuzungumza mambo mengine. Kando ya barabara sikuweza. Bodaboda na tuktuk hazimpi mtu wa umri wangu pa kuweka mguu. Nikachagua bustani. Sitaitaja ni ipi, kwa sababu ninayoyasema naona yanazihusu zote. Siku za kazi naenda peke yangu. Jumapili naenda na mjukuu wangu wa miaka 9, na kwa kuwa Jumapili ndiyo siku kuu ya soko Kibuye, tunatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili niwahi kufungua.

Jumapili ya kwanza tulikutana na kenge. Alitoka mferejini taratibu, mrefu kama meza yangu ya kukatia, mweusi mwenye madoa ya manjano yaliyopangwa safu kwa safu kama kitenge kilichochapishwa vizuri. Kijana mmoja aliyekuwa akikimbia mazoezi akainama kuokota jiwe. Mjukuu wangu akamwambia, "Usimpige, anapita tu." Yule kijana akalitupa jiwe chini, tukasimama watatu tukimtazama. Kenge anatafuta mayai, vyura na kaa. Hana shida na mtu asiyemsumbua. Akavuka njia, akazama kwenye majani upande wa pili, na kila mtu akaendelea na safari yake.

Jumapili ya pili tukaona kitu nilichodhani ni takataka zilizorushwa na upepo zikanasa kwenye panda ya mti. Vijiti, matambara, kipande cha wavu, vyote vimesongamana kwa ukubwa wa tangi dogo la maji. Kumbe ni nyumba ya fundichuma, yule ndege wa rangi ya kahawia mwenye kishungi kisogoni kinachofanya kichwa kionekane kama nyundo. Tulikaa kwenye benchi tukamwona akileta kijiti, anakiingiza, anakirudisha nyuma, anakipindua, anajaribu tena. Mimi nimefundisha wasichana wengi kushona, na nawaambia mbele yako Mhariri kwamba wachache walikuwa na subira ile. Ndege huyu hukusanya maelfu ya vijiti kwa nyumba moja, anaiezeka paa, kisha mlango mdogo ulio chini anaukandika tope. Mjukuu wangu aliniuliza mti uliobeba nyumba hiyo unaitwaje. Nikamwambia sijui.

Tukamuuliza mzee aliyekuwa akifagia. Alituheshimu, akaegemeza ufagio, akautazama mti kwa makini. "Mama, huu ni kumi na nne," akasema. Na kweli, kwenye shina palikuwa na namba 14 kwa rangi nyeupe. Wa jirani yake ulikuwa 15. Simlaumu mzee yule. Ndivyo alivyokabidhiwa kazi. Ila mjukuu wangu, ambaye huniita Dani, yaani nyanya, aliuliza swali ambalo nimekaa nalo hadi leo: "Dani, aliyehesabu mbona hakuuliza majina?"

Katika kazi yangu kitambaa kina jina. Mteja akija na kusema anataka "kile cha maua", tunaweza kupoteza asubuhi nzima. Akisema kitenge, khanga, leso, dera, satini, drili, najua uzito wake, najua sindano ya kutumia, najua kitajikunja kiasi gani kikifuliwa. Jina likipotea, ujuzi wote uliofungwa ndani yake nao hupotea. Nilikuwa nalijua hili kwa nguo. Kwa miti nilikuwa bado.

Jumapili ya tatu ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Mwisho wa bustani, karibu na ua, kuna mti mpana wenye matunda marefu yanayoning'inia kwa kamba zake, ya rangi ya kijivu, mazito kama soksi zilizojazwa mchanga. Chini palikuwa pametapakaa maua yaliyoanguka usiku, manene kama mahameli, rangi ya damu ya mzee. Mlinzi aliyekuwa akimaliza zamu alituambia tusishangae. Maua yale hufunguka giza likiingia, na popo hujaa mtini usiku kucha wakinywa utamu wake; asubuhi yanakuwa yamekwisha kazi, yanaanguka. Nikawakumbuka swala pala. Nilipokuja mjini, miaka ya 1980, bado walikuwa wakizurura huru upande wa ziwani, kabla haijatengwa hifadhi ya Impala mwaka 1992 ili kundi lililobaki lisiishe. Niliwaona kwa macho yangu wakila maua kama haya chini ya mti kama huu.

Na jina la mti nililijua! Nililijua nikiwa msichana kwa nyanya yangu huko Seme, naye alinionya nisikae chini yake kwa sababu tunda moja linaweza kuzidi kilo 5. Nikasimama pale nikilitafuta jina mdomoni, halipatikani. Mjukuu wangu ananingoja. Niliona aibu ambayo sijui kuieleza.

Kulikuwa na mwanamke ameketi kwenye mzizi, amejifunga leso kichwani, mfuko wa plastiki wa mboga uko kando yake. Akasema bila kugeuka, "Yago."

Ndilo jina lake kwa Kijaluo. Nikamshukuru. Nikamwambia, nyaminwa, yaani dada yangu, lilikuwa limenitoka. Akasema wengi limewatoka. Kisha akanyamaza, nami nikadhani mazungumzo yamekwisha, lakini alikuwa anapima kama atusimulie au asitusimulie. Akatusimulia.

Ndugu yake alikuwa mvuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Omena huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa taa juu ya maji, na usiku mmoja upepo ulikuja, taa zikarudi zote isipokuwa za mtumbwi wake. Walimtafuta siku nyingi. Wengine wawili walipatikana, yeye hakupatikana. Wasomaji wako wa pande hizi wanajua desturi ya Wajaluo: mtu akipotea na mwili usionekane, huchumwa tunda la yago, likafungwa shuka, likaliliwa kama mtu, likazikwa nyumbani kama mtu. Bila hivyo mama hawezi kulala na watoto wake hawana kaburi la kupalilia. Wajomba zake walitafuta yago kijijini wakakuta miti yote imekwisha kuwa makaa. Mtu mmoja ndiye aliyekumbuka mti wa bustanini. Walikuja na barua ya chifu, wakaruhusiwa kuchuma tunda moja.

"Kwa hiyo nikija mjini kuuza mboga, nikimaliza napita hapa," akasema. "Nyumbani kuna kaburi. Lakini hapa ndipo alipotoka."

Mjukuu wangu hakusema neno. Alienda akaokota ua moja lisilochanika, akamwekea mwanamke yule kwenye kiganja. Sikumtuma. Tulikaa naye mpaka jua likapanda, siku hiyo nikafungua saa tatu na nusu na mteja mmoja akanikasirikia.

Mti huo, Mhariri, shina lake lina namba 31. Na tumesikia pale bustanini kwamba kuna mpango wa kupanua maegesho, na kwamba yago unaonekana kero kwa kuwa matunda yake huangukia magari. Sijui kama mpango umepitishwa na sitamtuhumu mtu. Nasema hivi tu: atakayeamua akiletewa karatasi yenye maneno "ondoa namba 31", mkono wake utatia sahihi upesi. Akiletewa karatasi iliyoandikwa yago, huenda akauliza mama yake kwanza.

Angalia majina gani tumeyashika na yapi tumeyaachia. Mjakaranda ulitoka Amerika Kusini, na hakuna mtoto wa mjini asiyeutambua ukichanua zambarau. Gugu maji limevamia ziwa letu tangu miaka ya 1990, na hata wa chekechea analijua kwa jina. Lakini siala, ambao babu zetu walijengea nyumba, ule wa maua ya manjano kama tarumbeta ndogo, wanafunzi wanaupita kila siku wakienda shule kana kwamba ni nguzo ya stima. Ober, mti wetu mwingine wa asili, nao hivyo hivyo. Mkwaju ndio umenishangaza zaidi. Nilimuuliza mwalimu wa sayansi anayenipelekea sare za kushona, akaniambia jina lake la kitaalamu ni Tamarindus indica, yaani wa India, na kwamba neno lenyewe lilitokana na Waarabu walioita tunda lake tende ya India. Kumbe asili ya mti ni Afrika hii hii. Sisi Wajaluo tunauita chwaa na tunatia ukwaju wake kwenye uji. Tumekuwa nao muda wote huo, na ukienda sokoni leo utakuta pakiti ya ukwaju yenye jina la kampuni, wakati mti wenyewe bustanini una namba.

Kuhusu utekelezaji, sioni ugumu. Vibao visipigiliwe misumari kwenye mashina. Jeraha la ganda ni mlango wa wadudu na kuoza. Vichomekwe ardhini kwa mguu wa chuma kando ya njia, urefu wa kiuno cha mtoto. Mafundi wa jua kali wa Kibuye wanakata bati na kulichomelea mbele ya macho yako, na mchoraji wa mabango ya maduka anaweza kuandika kumi kwa siku. Jina liwe kwa Kiswahili, kwa Kijaluo, na kwa Kiluhya pale linapojulikana, maana mji huu ni wetu sote, kisha la kitaalamu chini. Na mstari mmoja wa maelezo, usizidi: nani hula maua yake, nani hujenga juu yake, watu waliutumia kwa lipi. Kabla ya kuandika, waulizwe wazee, na waulizwe upesi. Mimi nina miaka 61 na lilikuwa limekwisha kunitoka jina moja.

Kibao cha yago nitakilipia mwenyewe. Nimekwisha kuzungumza na fundi wa bati, ninachongojea ni ruhusa tu, na sijajua niiombe kwa nani. Ndiyo sababu nimekuandikia wewe. Kiandikwe: Yago. Mwegea. Kigelia africana. Mstari wa chini nitamwachia yule mwanamke wa mboga auseme anavyotaka, au akatae.

Mjukuu wangu hakungoja ruhusa. Aliandika cha kwake kwenye kipande cha katoni kwa kalamu ya wino mweusi, akakiegemeza kwenye mzizi na kukikandamiza kwa jiwe. Jumapili iliyopita tulipofika, mvua ya usiku ilikuwa imekilainisha, maandishi yamefutika, imebaki Y peke yake. Alikitoa kwa uangalifu, akanikabidhi nikitie mfukoni, akatoa kingine.

Wako,
Fundi cherehani,
Kibuye, Kisumu