Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaomalizika. Chama hiki ni cha wanafunzi wa udaktari wanaotaka kujua soko huria linaweza kufanya nini katika tiba, na ni wapi haliwezi. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyotugawa mwaka huu, nami nitayarudia kwa urefu unaostahili.

Kwanza kazi za kawaida. Tulifanya vikao 14 vya usomaji, midahalo 3, mafunzo 1 ya kusoma ankara ya hospitali, na tukapokea wanachama wapya 22. Vitabu 5 havijarejeshwa, waliovichukua wanajijua. Mengine yamo kwenye kumbukumbu za Katibu.

Zoezi moja tu nitalieleza, kwa sababu niliandaa mwenyewe na linahusu yanayofuata. Tuligawana hospitali 9, kila mmoja apige simu aulize swali moja: mgonjwa wa ngiri anayelipa taslimu atatozwa jumla gani, kila kitu kikiwemo? Simu yangu ya kwanza ilipokelewa mapokezi, ikapelekwa uhasibu, uhasibu wakaipeleka chumba cha upasuaji, ikarudi mapokezi kwa dada yule yule. Akaniuliza kwa upole, "Kwani una bima gani?" Nikamjibu sina. Akanyamaza kidogo, kisha akasema bei itajulikana mgonjwa akisharuhusiwa kwenda nyumbani. Dada yule hakuwa na ukaidi wowote. Bei hiyo hakuwahi kupewa na mtu. Kati ya hospitali 9, ni 2 tu zilizotutajia jumla kamili. Mlipaji akiwa mwingine, bei haina sababu ya kumfikia anayelala kitandani. Na tusiambiwe kwamba haiwezekani: Surgery Center of Oklahoma, kituo cha upasuaji cha Marekani, kimekuwa kikitangaza bei zake kwenye intaneti tangu 2009, ada ya mpasuaji, ya daktari wa usingizi na ya kituo zikiwa zimejumlishwa pamoja.

Sasa suala la azimio.

Baadhi yenu mlileta pendekezo kwamba chama kitoe tamko la kuitaka serikali ijitoe kabisa katika tiba. Kamati Tendaji, chini ya uenyekiti wangu, ilikataa kulitoa. Badala yake tulitoa tamko fupi la kudai kwamba bei ya kila huduma isiyo ya dharura itangazwe kabla mgonjwa hajatibiwa. Kura zilikuwa 4 kwa 3, na sikatai kwamba yangu ndiyo iliyoamua. Tangu siku hiyo nimeambiwa nimelainika, nimekiuza chama, nimevunja katiba. Wanachama 6 walijitoa kwenye kundi letu la WhatsApp usiku ule ule.

Kuhusu katiba jibu ni jepesi: kati ya mkutano mkuu mmoja na mwingine, matamko ni mamlaka ya Kamati. Kuhusu kulainika, naomba mnisikilize.

Wiki ile nilikuwa zamu ya usiku idara ya dharura. Aliletwa mzee aliyepoteza fahamu, kiatu kimoja mguuni, hana ndugu wala kitambulisho. Kazi yangu ilikuwa kushika chupa ya dripu juu wakati wenzangu wakitafuta mshipa. Mkono ukafa ganzi, na nilikuwa nikijiuliza: huyu angelinganisha bei saa ngapi? Angeondoka aende kwa nani mwingine? Mchumi wa Marekani Kenneth Arrow aliliuliza swali la namna hiyo katika makala yake ya mwaka 1963, na bado hatujampa jibu la kutosha. Alisema mgonjwa hajui ataugua lini, na akiugua hana uwezo wa kuipima bidhaa anayouziwa, kwa hiyo inambidi amwamini muuzaji. Nilipoiweka makala hiyo kwenye ratiba mlinung'unika kwamba tunasoma wapinzani. Ndiyo, tunawasoma. Anayetaka kulitetea soko mbele ya daktari bingwa wa miaka 30 kazini hana budi kumjua Arrow kuliko daktari huyo anavyomjua.

Kisha kuna jaribio la bima ya afya la shirika la utafiti la RAND, lililofanyika Marekani kati ya 1974 na 1982, ambalo wengi wenu hupenda kulinukuu nusu. Familia ziligawanywa kwa bahati nasibu: nyingine zilitibiwa bure, nyingine zikachangia asilimia 25, 50 au 95 ya gharama hadi kikomo maalumu. Waliochangia walitumia huduma kwa kiasi kidogo, na afya ya mtu wa kawaida haikudhurika. Hapo ndipo mnapofunga kitabu. Mimi nasoma na ukurasa unaofuata: watu walipunguza tiba isiyo na maana na ile ya lazima kwa kiwango kinachokaribiana, na presha ya maskini ilidhibitiwa vizuri zaidi pale walipotibiwa bure. Tukifika kwenye mdahalo bila kulitaja hili, atalitaja mwenzetu wa upande wa pili, na sisi tutabaki tumekodoa macho.

Hata Singapore, mfano wetu tunaoupenda, inahitaji kusomwa yote. Akaunti za Medisave, ambamo mtu huweka akiba yake ya matibabu, zilianza 1984, na kweli zinamfanya mtu aijali bei kwa kuwa fedha ni yake. Lakini ikafuata bima ya MediShield mwaka 1990, kisha mfuko wa Medifund kwa wasio na uwezo mwaka 1993, na sehemu kubwa ya vitanda vya hospitali ni vya umma. Tungewezaje kutia sahihi tamko ambalo mfano wetu wenyewe unalipinga?

Imani yangu kwa soko haijapungua. Dkt. Govindappa Venkataswamy alianzisha hospitali ya macho ya Aravind huko Madurai, India, mwaka 1976, akiwa na vitanda 11. Wanaolipa wakawabeba wasio na uwezo, na Aurolab, kiwanda walichokianzisha 1992, kikashusha bei ya lenzi za wagonjwa wa mtoto wa jicho. Bei ilijulikana, kazi ikafanyika kwa wingi, na maskini akaona. Hilo ndilo soko ninalotaka tulitetee, na kwa ajili yake ningepiga kura ile ile tena.

Naingia kwenye mahudhurio, na hapa nasema kwa uchungu. Mkutano wa robo ya pili uliahirishwa mara 2 kwa kukosa akidi. Kwenye kikao cha RAND, ambacho nilikesha siku tatu kukiandaa, nilipanga viti 60 na wakaja watu 13, wawili wao wakiwa wamekosea chumba. Najua kuna mitihani na zamu za wodi. Mimi pia ninazo.

Ada: wanachama 84, waliolipa kamili 31, waliolipa nusu 12, ambao hawajalipa chochote 41. Kati ya wale 6 waliojitoa kundini kwa hasira, 4 wamo katika hao 41. Ukumbi ulimeza theluthi mbili ya makusanyo, na pengo la mhadhara wa mwisho nililifunika kwa fedha zangu. Risiti anazo Mweka Hazina. Kampuni moja ya dawa ilijitolea kutulipia ukumbi mwaka mzima, kwa sharti la kuchagua mzungumzaji mmoja. Nilikataa. Chama kinachouliza kila siku nani analipa na nani anachagua hakiwezi kupokea fedha hiyo, hata mkiniambia nimewakosesha.

Mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kurudia zoezi la simu kwa hospitali nyingi zaidi, kualika mtaalamu wa uchumi wa afya, na pengine kuanzisha jarida dogo. Pendekezo la tamko linaweza kuletwa upya kwenye mkutano huu. Nitalisimamia bila upendeleo, na nitalipinga nikiwa mwanachama.

Wenye haki ya kupiga kura ni waliolipa ada. Mweka Hazina yuko mlangoni na daftari lake hadi ajenda ya nne itakapofunguliwa.

Mwenyekiti