Malalamiko kuhusu abatimenti mliyonifungia jino la mbele, na jinsi mlivyonitendea kitini

Kwa Meneja Msimamizi,
Kliniki ya Meno,
Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: ABATIMENTI ISIYO YA MAKUBALIANO, UFIZI ULIOUGUA NA UTOVU WA HESHIMA

Nakusalimu kwa heshima, na nitajitahidi heshima hiyo ifike mwisho wa barua. Masharti yenu unayajua, mmeyabandika mapokezini: malipo kwanza, pesa hairudishwi. Makadirio mliyoniandikia unayo pia, yana muhuri wenu. Kwa hiyo sitapoteza muda kueleza jino lilitokaje wala nani alinielekeza kwenu. Naanzia mstari wa tatu wa makadirio hayo.

Mstari huo unasema: abatimenti (kile kiungo kinachobeba jino bandia) ya zirkonia, yaani kauri nyeupe, ya kuchongwa kwa vipimo vya mgonjwa, juu ya kitako cha titani, ambayo ni chuma. Nilichofungiwa ni abatimenti ya titani iliyonyooka, ile inayotolewa kwenye pakiti ikiwa tayari, saizi ya kila mtu. Pesa niliyolipa ni ya mstari wa tatu. Kilichoingia mdomoni mwangu hakimo katika mstari wowote wa karatasi ile.

Tafadhali msinijibu kwamba mgonjwa haelewi mambo haya. Daktari wenu wa mwanzo, yule kijana ambaye sasa naambiwa ameondoka, alinikalisha akanieleza kila kitu, na ndiye sababu nilikubali kutoa pesa. Aliniambia kipandikizi ni ile skurubu ya titani inayozikwa kwenye mfupa wa taya na kushikana nao, krauni ni jino linaloonekana, na abatimenti ndiyo inayoviunganisha hivyo viwili na kupita katikati ya ufizi. Akasema hapo kwenye ufizi ndipo watu huumizwa na uchaguzi mbaya. Kwa gego, titani inafaa sana: nguvu ya kutafuna ni kubwa, hakuna anayechungulia huko, na bei ni nafuu. Kwa jino la mbele la juu mambo hubadilika. Ufizi ukiwa mwembamba, chini ya milimita 2, rangi ya chuma hupenya na ufizi huwa na kivuli cha kijivu. Alinipima, akakuta wangu ni mwembamba, akaandika kwenye faili. Hata hivyo hakunisukumia zirkonia tupu, kwa kuwa huweza kupasuka pale skurubu inapobana, na ikisuguana na kipandikizi hukila chuma chake. Ndiyo maana ya kile kitako cha titani chini yake. Mtu alifikiri. Mtu aliandika. Kisha akaja mwingine akafungua pakiti.

Nami siku hiyo nilikuwa kwenye kiti chenu, mdomo wazi, kioo cha daktari kimeshika shavu langu, mrija wa kunyonya mate umening'inia, jino tayari limekatwa na kutolewa, na karani wenu wa malipo akaingia hadi miguuni pangu na kuuliza: "Madam, kuna salio la elfu kumi na nane na mia tano, tunalipa saa hii ama?" Mbele ya wasaidizi wawili na mwanafunzi. Nilijaribu kujibu nikatoa sauti kama ya ng'ombe. Wakacheka. Nililipa kabla ya kuingia, Bwana Meneja. Risiti ya M-Pesa ilikuwa kwenye simu yangu, ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa kwenye kiti kule mlangoni. Salio hilo lilikuwa la nini? Baadaye niliambiwa ni la "kubadilisha abatimenti". Yaani nilipie mara ya pili ile ambayo nilishailipia.

Lakini nirudi nyuma, maana huyo karani alikuta kazi imeshaharibika.

Wiki chache baada ya krauni kufungwa, ufizi uligeuka kijivu juu ya jino, hasa nikikaa dirishani. Nilipiga simu. Mlisema ni kivuli cha uponaji, kitaisha. Hakikuisha, kwa kuwa chuma hakigeuki kuwa kitu kingine. Kisha ufizi ukaanza kuvimba na kutoa damu nikipiga mswaki, halafu usaha. Nikapiga tena. Mlisema nisukutue kwa maji ya chumvi. Nilisukutua. Kisha jino likaanza kucheza.

Sasa hapa naomba usome polepole. Makadirio yalisema krauni ifungwe kwa skurubu. Mliigandisha kwa simenti. Daktari wa pili alijitetea kwamba kipandikizi kimeinama kuelekea mdomo wa juu, kwa hiyo tundu la skurubu lingetokea usoni mwa jino. Sawa. Hiyo ni sababu ya kweli na naikubali. Mwinamo kama huo hutokea, mfupa wa mbele haumpi daktari nafasi ya kuchagua. Lakini ndiyo hasa kazi ya abatimenti ya kuchongwa! Inachongwa ikirekebisha mwinamo, na ukingo wake unafuata mkunjo wa ufizi, ili simenti ikifurika iwe karibu na juu, pahali inapoonekana na kufutwa. Hata zile za dukani zipo za pembe, za digrii 15 na 25. Ninyi mlichukua iliyonyooka, ukingo wake ukazama chini kabisa ya ufizi, mkaipaka simenti, mkabandika krauni. Simenti ilifurika kule chini ambako hakuna jicho wala chombo kilichofika, ikaganda, na ufizi ukaanza kuoza kuizunguka.

Msiseme hamkujua. Mwaka 2009 jarida la Marekani la Journal of Periodontology lilichapisha uchunguzi uliofanywa kwa kamera ndogo chini ya ufizi: katika vipandikizi vilivyokuwa na dalili za ugonjwa, asilimia 81 vilikutwa na mabaki ya simenti. Yalipoondolewa, vingi vilitulia. Ni habari ya miaka mingi. Mimi ni mkalimani wa mahakama, si daktari, na nimeisoma.

Na kwa nini jino lilicheza? Kwa sababu skurubu ya abatimenti ililegea. Skurubu hiyo hukazwa kwa spana maalumu yenye kipimo, na kila mtengenezaji hutaja nguvu yake. Kwa mifumo mingi ni kati ya niutoni sentimita 15 na 35. Haikazwi kwa kukisia kwa vidole. Faili yangu inasema ilikazwa kwa kiasi gani? Naomba jibu kwa maandishi. Na kwa kuwa krauni iligandishwa, skurubu ilipolegea hapakuwa na mlango wa kuifikia. Ikabidi krauni nzima itobolewe na kukatwa. Ingekuwa ya skurubu, mngefungua kile kitobo kilichozibwa, mkakaza, nikaenda zangu kazini mchana uleule.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye kile kiti, na sasa nakieleza upya kwa sababu mara ya kwanza niliacha jambo moja nikidhani nitaweza kulimeza. Siwezi.

Krauni ilikuwa imekatwa vipande viwili kwenye trei. Nilikuwa nimefunguliwa mdomo kama gari lililoachwa bila boneti kwenye gereji ya Kirinyaga Road. Daktari wenu alikuwa anamwonyesha mwanafunzi ule ukingo wa kijivu, akitumia kidole, bila kuniomba ruhusa. Mwanafunzi, Mungu ambariki, aliuliza swali zuri: mbona haikuwekwa ya zirkonia? Daktari akajibu, nami namsikia, masikio yangu hayakuwa na ganzi: "Kwani mama anaolewa tena? Kwa umri huu nani atachungulia ufizi?" Ndipo wale wasaidizi walipocheka mara ya kwanza. Mara ya pili ilikuwa karani alipoingia na salio lake. Nilipotikisa kichwa kukataa, daktari alivua glavu. Alizivua, Bwana Meneja, akaziweka juu ya vipande vya jino langu, akasema, "Mama, ukimalizana na ofisi utaniita." Akatoka. Jino la muda, ambalo kila kliniki humwekea mgonjwa asitoke na pengo, lilibaki kwenye boksi lake mezani. Nililiona.

Nililala pale na mrija ukivuta hewa hadi msaidizi mmoja alipokuja kuuzima. Hakuna aliyenipa hata karatasi ya kujipangusa. Nilitoka na leso mdomoni, nikapanda matatu ya Buruburu nimeinamisha kichwa, na kesho yake nilipaswa kusimama mahakamani kutafsiri ushahidi wa mtoto. Mtu asiye na jino la mbele la juu hutamka "f" na "v" kwa shida. Jaribu wewe mwenyewe kusema "fahamu", "vifungu", "mfuatano". Nilimwomba mwenzangu anishikie kesi. Tangu niajiriwe sijawahi kufanya hivyo.

Umri wangu, kwa taarifa ya daktari wenu, haukuandikwa kwenye makadirio kama kigezo cha kuchagua abatimenti. Vigezo ni mahali pa jino, unene wa ufizi, kina cha kipandikizi, mwinamo wake, nguvu ya meno yanapokutana, na mgonjwa anataka nini. Hilo la mwisho nililisema kwa mdomo wangu nilipokuwa bado na jino.

Jambo lingine, ambalo nilikusudia kulitaja mapema. Nilikwenda kwa daktari mwingine kuomba msaada. Swali lake la kwanza: kipandikizi ni cha kampuni gani, kipenyo gani, muungano wake wa ndani ni wa aina gani? Bila hayo hawezi kuagiza abatimenti wala kujua bisibisi ipi itaingia, kwa kuwa mifumo haiingiliani, na ya kubahatisha hulegea au huacha mwanya wa bakteria. Kila kipandikizi huja na stika yenye jina, saizi na namba ya toleo, ya kubandikwa kwenye kadi ya mgonjwa. Kadi yangu iko wapi? Mapokezi walinijibu kwamba faili ni mali ya kliniki. Karatasi ni yenu, sikatai. Habari zilizomo ni zangu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inanipa haki ya kuzipata.

Ukutani mwenu mmetundika maelezo ya Brånemark, yule Msweden aliyemtibu mgonjwa wake wa kwanza kwa kipandikizi mwaka 1965. Ni vizuri mnamheshimu. Yeye alisubiri mfupa ushike kwa miezi. Ninyi hamkusubiri nitoe mrija mdomoni.

Ninachodai:

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kudai tofauti ya bei kati ya abatimenti niliyolipia na mliyoiweka, na ukarabati bila malipo. Nimebadili nia nikiandika. Sitaki mkono wa kliniki yenu urudi mdomoni mwangu. Nataka nirudishiwe pesa yote ya abatimenti na krauni, na mlipe gharama ya daktari mwingine kusafisha simenti, kutibu ufizi na kunitengenezea abatimenti ile iliyoandikwa. Nataka nakala ya faili nzima, picha za eksirei na kadi ya kipandikizi. Nataka barua ya kuomba radhi iliyotiwa sahihi na daktari mwenyewe, na isiandikwe "iwapo ulihisi kudharauliwa". Sikuhisi. Nilidharauliwa. Na kama taya litaonekana limepoteza mfupa kuzunguka kipandikizi kwa ajili ya usaha huo, gharama ya kukitoa na kukipanda upya ni yenu pia.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aridhie tiba akiwa ameelezwa. Niliridhia zirkonia. Hakuna aliyeniomba ridhaa ya kitu kingine. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaostahili. Sikunukulii hivi ili kukutisha. Nafanya kazi penye vitabu hivi.

Nilitaka kukupa siku 14. Nimekumbuka zile glavu. Ni siku 7 tangu kupokea barua hii. Zikipita, malalamiko yangu yataenda kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya, pamoja na jina la daktari na makadirio yenye muhuri wenu, na ombi kwamba wachunguze pia ni wagonjwa wangapi wengine wamelipia ya kuchongwa wakafungiwa ya pakiti. Dai la pesa nitalifungua Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza hadi shilingi milioni 1, na mlango wake naujua bila kuuliza njia. Msinitumie karani wa malipo kunipigia simu. Nitapokea maandishi tu.

Wako,

Mgonjwa wenu wa jino la mbele la juu,
Buruburu, Nairobi.

Viambatisho: makadirio yenye muhuri, risiti za M-Pesa, picha za ufizi.

Nakala: kwa sasa, hakuna. Baada ya siku 7, Baraza.