Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Moshi ya reli na kahawa haina mlinzi

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Nakuandikia kuhusu Moshi mjini, nikimaanisha stesheni ya reli, mnara wa saa na mitaa ya maduka ya zamani iliyo kati yake.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayatambua moja kwa moja, bila kusubiri tangazo la waziri, majengo ya kabla ya 1863. Kwetu kipimo hicho hakisaidii, maana mwaka huo mji huu haukuwepo. Boma la Wajerumani lilikuwa Old Moshi, kule juu mlimani Kilimanjaro. Reli iliyoanza kujengwa Tanga 1893 ilipofika hapa 1911 haikupanda mlima. Mji ndio ulioshuka kuifuata. Kwa hiyo hata jengo letu kongwe kabisa ni changa mbele ya sheria, na bila tangazo lako halina kinga.

Kilichoukuza mji ni kahawa. Wachaga waliilima kwenye vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani, chini ya migomba, wakaanzisha chama chao cha wakulima 1925, na 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Kahawa ilishuka mjini, ikakobolewa, ikapanda behewa kwenda bandarini Tanga. Pesa ya msimu nayo ilirudi mlimani ikiwa imegeuka mabati, vitenge na ada za shule, baada ya kupitia maduka hayohayo ya Wahindi yenye baraza mbele.

Leo mwenye jengo la namna hiyo anapiga hesabu ya kodi ya fremu kwenye ghorofa la vioo, anazungushia uzio wa mabati, basi. Simlaumu, hajawahi kupewa sababu ya kufanya vingine.

Ninachoomba ni eneo zima litangazwe kuwa la hifadhi, siyo jengo mojamoja. Stesheni bila maduka, au maduka bila jengo la KNCU, hayaelezi chochote. Atakayetaka kujenga ghorofa ajenge nyuma, uso wa jengo na baraza vibaki, na halmashauri impunguzie kodi ya jengo. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirejea 2019. Abiria wanashukia palepale.

Na maofisa wako wakija, tafadhali wasikutane na wamiliki peke yao. Wapangaji wa fremu, wakiwemo mafundi cherehani wa barazani, ndio watakaohama kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Moshi