Alijua hesabu, akakopa: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Benki Kuu, Tawi la Mtwara

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MIKOPO YA KAUSHA DAMU KATIKA MIEZI YA KUSUBIRI KOROSHO

Nakuandikia kutoka Newala, ambako mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Naandika hadharani bila nia ya kukuvunjia heshima. Jambo lenyewe liko hadharani: matangazo ya mikopo ya haraka, ile tunayoiita kausha damu kwa ukali wa riba na marejesho yake, yamebandikwa kwenye nguzo za umeme, na watu wanadaiwa mbele ya majirani. Kila tunapolizungumza kwenye mikutano, jibu tunalopewa ni lilelile, kwamba wananchi wapewe elimu ya fedha. Ombi langu nalitanguliza hapa juu: ofisi yako iache kuanzia kwa mkopaji, ianzie kwa mkopeshaji.

Kwa nini nasema hivyo?

Mwezi Machi 2024 alinijia mama mmoja anayeuza chakula hapa mjini. Januari alikuwa amekopa shilingi 200,000 kwenye ofisi moja ya mikopo, mtoto wake alipochaguliwa kuanza kidato cha kwanza shule ya bweni. Ada ya sekondari imeondolewa tangu 2016 na tunashukuru, lakini sare, godoro, ndoo, madaftari na nauli bado ni vya mzazi. Mvua zikawa nyingi, wateja wakapungua, marejesho yakachelewa, faini ikaongezwa. Alipokuja kwangu bado alikuwa anadaiwa 140,000. Ofisi nyingine ilikuwa imekubali kumpa 300,000: amalize deni la kwanza, kinachobaki aongeze mtaji. Alitaka tupige hesabu pamoja kabla hajasaini.

Tukaketi na daftari. Kwenye ile 300,000 yangekatwa 20,000 ya fomu na bima, kwa hiyo mkononi angepata 280,000. Marejesho ni 13,000 kila siku kwa siku 30, yaani jumla 390,000. Faida yake siku ikiwa nzuri ni 8,000. Siku ya mvua hata 3,000 kuipata ni kazi. Sikuhitaji kumweleza kitu. Aliniangalia akasema, "Kwa hiyo ile elfu tano nyingine itatoka kwenye unga na mafuta." Ndivyo. Kila siku nzuri angekula shilingi 5,000 ya mtaji wake, na siku mbaya angekula 10,000.

Ukiitazama kwa jicho la benki ni mbaya zaidi. Kwa 280,000 aliyoishika kweli, angelipa 110,000 ya ziada, karibu asilimia 39 kwa mwezi mmoja. Na hakai nayo mwezi, maana marejesho yanaanza kesho yake. Ikifika siku ya kumi na tano ameshawarudishia 195,000. Ofisi yako inajua kuliko mimi kwamba kikomo cha riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 300,000 hiyo ni shilingi 10,500. Yeye alitakiwa kulipa riba ya 90,000, mbali na makato.

Alijua yote hayo alipotoka kwangu. Jioni yake akaenda akasaini.

Nimelifikiria jambo hili sana, Ndugu Mkurugenzi, na siwezi kusema alikosea. Ofisi ya kwanza ilikuwa imempa hadi Jumamosi, la sivyo wangekuja kubeba jiko la gesi, masufuria na viti. Bila vitu hivyo hana kazi. Akikataa mkopo wa pili, biashara inakufa Jumamosi. Akiuchukua, biashara inaweza kufa baada ya mwezi, na katika mwezi huo huenda mvua zikapungua, huenda ndugu akatuma chochote. Alichonunua kwa ile 110,000 ni mwezi mmoja wa kuendelea kupika. Mtu aliyebanwa hivyo hakosi elimu ya fedha. Amekosa mahali pengine pa kwenda.

Na mahali pengine palikuwa wapi? Sanduku la kikundi chetu mwezi wa tatu huwa karibu tupu. Sisi wote tunategemea mikorosho, kwa hiyo wote tunaweka akiba wakati mmoja na wote tunaishiwa wakati mmoja. Kikundi cha watu wenye msimu mmoja hakiwezi kuokoana nje ya msimu huo, hata kikiwa na uaminifu wa kupigiwa mfano. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilikuwa imesitishwa tangu Aprili 2023; ilirejea katika mwaka wa fedha wa 2024/25. Hata iliporejea inapitia kikundi, andiko na vikao, haimfikii mtu aliyepewa hadi Jumamosi. Benki inataka dhamana na kumbukumbu za mauzo ambazo mamantilie hana. Na ndugu zake ni wakulima wa korosho kama yeye.

Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawa ninaoandika habari zao hawakukopa kwa harusi. Wengi wanakopa wakiwa tayari matangani.

Kilichofuata wewe ungeweza kukitabiri. Kufika mwezi wa sita mama huyu alikuwa amerudi nyuma tena, na safari hii alikimbilia kangomba, yaani kuuza korosho kabla ya msimu kwa bei ya kutupa. Alichukua 120,000 kwa mtu, kwa ahadi ya kumlipa kilo 100 za korosho msimu ukifunguka. Ni shilingi 1,200 kwa kilo, wakati korosho bado ni maua na hata salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga haijamaliza kupulizwa. Msimu wa 2024/25 ulipofunguliwa, bei mnadani ilivuka shilingi 3,000 kwa kilo. Hata ukitoa makato yote ya chama cha msingi na ushuru, alipoteza zaidi ya kile alichokopa. Mwaka mzima wa kupalilia na kupuliza ukaishia kwenye gunia la mtu mwingine.

Naomba hapa unisikilize vizuri, kwa sababu mara nyingi mambo haya mawili yanapelekwa ofisi tofauti. Kangomba inachukuliwa kuwa kosa la biashara ya mazao, la Bodi ya Korosho, vyama vya ushirika na polisi. Kausha damu inachukuliwa kuwa suala la fedha, la kwenu. Kwa mkulima ni deni lilelile. Marejesho ya kila siku yanamsukuma auze maua, na aliyeuza maua anaingia msimu bila kitu, kwa hiyo Januari atakopa tena. Mwaka 2018 serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakasimamia ubebaji, na wenye kangomba wakasakwa kwelikweli. Misimu iliyofuata kangomba ikaendelea kusikika. Haiwezi kwisha kwa msako wakati kinachoizaa hakijaguswa.

Najua Benki Kuu haijakaa kimya. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ipo, kanuni za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo, mwongozo wa wakopeshaji wa kidijitali ulitoka 2024, na Novemba mwaka huohuo mlitangaza programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Ile ilikuwa kazi nzuri. Vijana wengi hapa waliacha kutukanwa kupitia simu za mama zao na wakwe zao. Lakini programu ya simu mnaifungia mkiwa ofisini. Ofisi yenye meza, daftari na vijana wawili wa pikipiki haifungwi kwa tangazo. Inafikiwa kwa miguu, na nyinyi ndio mlioko huku Kusini.

Njooni basi, na mje wakati wake. Mkaguzi akija Novemba atakuta watu wana fedha za mnada, madeni yanalipwa, hakuna anayelalamika. Aje kati ya Februari na Aprili. Aingie ofisi za mikopo za Newala, Tandahimba, Masasi, na za Lindi pia, aombe mikataba, na mikataba yenyewe aisome kwa shilingi na si kwa asilimia. Ukiuliza riba wengi watakwambia asilimia 3 na nusu, maana kikomo wanakijua. Kinachozidi wamekiita ada ya fomu, ada ya ufuatiliaji, bima, faini. Mkopaji aliposaini alipata shilingi ngapi mkononi, na mpaka mwisho atakuwa ametoa shilingi ngapi? Majibu mawili hayo yakiandikwa juu ya kila mkataba, kwa Kiswahili, na nakala akaondoka nayo mkopaji, hakuna jina la ada litakaloficha kitu. Nimeona mikataba ya watu wa kikundi changu ambayo wao wenyewe hawana nakala yake. Mtu asiye na nakala atalalamika kwa ushahidi gani?

Kuna jambo la kadi za benki ambalo linaniumiza kuliko mengine. Malipo ya korosho yanaingia kwenye akaunti ya mkulima, na utaratibu huo uliwekwa ili fedha yake isipite mikononi mwa watu. Sasa kuna wakopeshaji wanaoshika kadi pamoja na namba ya siri kama dhamana. Siku fedha ya mnada inapoingia, wao ndio wa kwanza kwenye mashine. Mkulima anapata habari akiona ujumbe kwenye simu. Walimu na wauguzi nao yamewakuta kwenye mishahara. Mkopeshaji anayekutwa na kadi za watu wengine kwenye droo hana cha kujitetea, na sioni kwa nini aendelee kuwa na leseni hata siku moja.

Majina ya wenye leseni mnayaweka kwenye tovuti yenu. Yabandikeni pia kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kata, pamoja na kikomo cha riba na namba ya simu ya mtu wa tawi lako. Utaratibu unataka mlalamikaji aanze kwa mkopeshaji mwenyewe kabla ya kuja kwenu. Kwenye benki kubwa hilo linawezekana. Kwa mama ambaye mkopeshaji wake ndiye anayemtishia kubeba masufuria, ni kumwambia akaombe haki kwa anayemdai. Na nauli ya kutoka Newala kwenda Mtwara mjini na kurudi ni fedha ambayo hana. Ruhusuni malalamiko ya mikopo midogo yapokelewe kwa mtendaji wa kata, naye ayatume kwenu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi ya wanakikundi wenzangu hawalipendi. Sitaki mfunge kila ofisi ya mikopo. Wapo wakopeshaji waungwana, wanaosubiri, wanaokaa na mteja wakapanga upya. Na mkikomba zote kwa operesheni ya wiki moja, yule mama hatakuwa na pa kwenda isipokuwa kangomba, ambako hakuna hata karatasi. Ninachotaka ni kwamba anayeshindwa kulipa awe na haki ya kupangiwa upya kabla ya chombo chake cha kazi kuguswa. Jiko la mamantilie, cherehani ya fundi, pampu ya kupulizia mikorosho: ukivichukua, umechukua na uwezo wa kulipa. Hata kwa mkopeshaji mwenye akili, hilo halina faida.

Na marejesho yafuate mfuko wa mkopaji. Anayeuza chakula kila siku anaweza kulipa kidogo kila wiki. Anayevuna mara moja kwa mwaka hawezi, na kumtaka alipe kila wiki kuanzia Machi ni kumtaka akope kwingine ili alipe. Mabenki yanayofungua akaunti za wakulima wa korosho yanajua wazi fedha itaingia lini, na kupitia chama gani cha msingi. Ninyi mnaweza kuyaita mezani pamoja na vyama vikuu vya ushirika vya wakulima wa korosho, TANECU na MAMCU, myaulize kwa nini mkopo mdogo wa kulipwa msimu, kwa riba halali, haumfikii mtu mwenye mikorosho thelathini. Wenye kangomba wanamfikia, tena kijijini kwake, wakitegemea dhamana hiyohiyo ya mikorosho.

Kikundi chetu hukutana kila Jumapili mchana. Ukimtuma ofisa mmoja Februari, nitamkusanyia watu walio tayari kuonyesha mikataba na stakabadhi zao, wale walio nazo, na watakaoeleza kwa mdomo wale wasio nazo. Wengine wataogopa kutajwa majina, kwa hiyo namwomba aje bila msafara na bila kamera.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa
Newala, Mtwara

Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Mtwara, Mkuu wa Mkoa wa Lindi